Weka Simu Kando, Mtoto Anakungoja

Popote ulipo, iwe ni Ikutha sokoni, Kanziko, Mutha, au ng'ambo ya mto Athi upande wa Makueni, sogea karibu tuzungumze. Mada yetu ya leo ni simu ya mkononi na mtoto mdogo.

Kwanza tuseme ukweli: simu imetusaidia. Tangu M-Pesa ianze mwaka wa 2007, baba aliye kazini Mombasa au Nairobi anatuma pesa za unga siku hiyo hiyo. Mama akishikwa na uchungu usiku, ni simu inayomwita mwenye gari. Kwa hivyo hatukwambii uitupe. Tunakwambia kuna nyakati za kuiweka kando.

Tuchukue mfano. Mama amerudi kuteka maji, ameketi kivulini, ananyonyesha. Mtoto ananyonya, anaacha kidogo, anamtazama mama usoni na kutabasamu. Mama hakuona. Anasoma ujumbe wa chama kwenye simu. Mtoto anatoa sauti, "Aaa!" Hajibiwi. Mwishowe anageuza uso.

Pengine utauliza, kuna ubaya gani? Mama, mtoto huanza kujifunza kuongea kabla hajatamka neno hata moja. Yeye anatoa sauti, wewe unamjibu. Anacheka, nawe unacheka. Kujibizana huko ndiko kunakoujenga ubongo wake, na miaka ya kwanza ndiyo ubongo hukua kwa kasi zaidi.

Katika miaka ya 1970, mtaalamu wa Marekani aitwaye Edward Tronick alifanya uchunguzi. Aliwaomba akina mama wacheze na watoto wao wachanga, kisha wakae kwa dakika chache wakiwatazama bila kucheka wala kusema neno. Watoto walijaribu kila njia kumrudisha mama: walitabasamu, walipiga kelele, walinyoosha mikono. Waliposhindwa, waligeuka na wengine wakalia. Mama alipoanza kucheza tena, mtoto naye alimrudia. Funzo ni mawili. Mtoto hutambua mama yake asipomjali. Tena, hujachelewa, ukimrudia, atakupokea.

Kuna jambo la pili. Wengi wetu humpa mtoto simu yenye video ili atulie tupepete ndengu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka wa 2019. Mtoto ambaye hajatimiza miaka 2 asikalishwe mbele ya simu wala televisheni. Wa miaka 2 hadi 4, isizidi saa 1 kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Video humsemesha mtoto, lakini haimngojei ajibu. Tena simu ikitumika wakati wa kulala humchelewesha usingizi, na mtoto wa mwaka 1 anahitaji saa 11 hadi 14 kwa siku, pamoja na usingizi wa mchana.

Basi tufanye nini? Chagua nyakati nne za kuiweka simu kando: unaponyonyesha, unapomlisha, unapomwogesha, na unapomlaza. Ukingoja simu ya baba, iache ikiwa na sauti, ila iwe mbali na mkono wako. Ikilia, utaisikia.

Nyakati hizo, ongea na mtoto kwa lugha ya nyumbani. Kikamba kinafaa kabisa. Mtajie vitu: maji, mbuzi, kijiko. Akitoa sauti, mwigize. Unapopepeta ndengu, mpe kifuniko cha sufuria na kijiko cha mti apige ngoma karibu nawe. Jioni, mwombe susu awategee watoto vitendawili. Ukimwachia dada au susu mtoto, mweleze naye haya.

Tahadhari moja. Mtoto akifika miezi 6 bila kugeukia sauti, au mwaka mmoja na nusu bila neno hata moja, usikae nyumbani ukiilaumu simu. Huenda masikio yake yana shida. Chukua kile kijitabu chako cha kliniki cha mama na mtoto, umpeleke kituo cha afya, au umweleze mhudumu wa afya ya jamii wa kijijini kwako.

Na wewe mama, usijilaumu. Umechoka, na ule ujumbe wa rafiki ni pumziko lako. Usome mtoto akishalala.

Kwa leo tunakomea hapo. Kumbuka: ujumbe utaukuta pale pale, lakini mtoto anakua. Kwaheri, na ubaki salama.

Maswali ya kujadili katika kikundi
1. Jana, ni wakati gani ulimsemesha mtoto bila simu mkononi?
2. Nani mwingine nyumbani kwako anahitaji kusikia mazungumzo haya?
3. Ni michezo gani uliyochezeshwa utotoni ambayo unaweza kumfundisha mtoto wako?