Turufu ya Anyanwu

Mwandishi anayemuumba mhusika asiyekufa hujitafutia taabu. Ugomvi wa madaraka huendeshwa kwa hofu ya kifo: mfalme hutisha kwa upanga, muasi hujibu kwa sumu. Kifo kikiondolewa, mtu atatishwa na nini? Wasimulizi wengi hulikwepa swali hilo kwa kuficha udhaifu mahali fulani mwilini. Fumo Liyongo, shujaa wa masimulizi ya pwani ya Waswahili, hadhuriki kwa silaha yoyote, ila akichomwa sindano ya shaba kitovuni hana ponea. Mtawala wa Pate anayehofia kiti chake anachohitaji ni kuijua siri hiyo tu, naye anaipata kupitia kwa mtoto wa Liyongo mwenyewe.

Octavia Butler, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Pasadena, California, mwaka 1947, hakuifuata njia hiyo ya mkato. Katika riwaya yake ya Wild Seed, iliyotoka mwaka 1980, wanakutana watu wawili wasiozeeka, na hakuna sindano.

Wa kwanza ni Doro, mzaliwa wa Nubia mwenye umri wa zaidi ya miaka 3,000. Mwili wake wa asili ulikufa angali kijana, na wazazi wake wakawa miongoni mwa watu wa kwanza aliowaua. Tangu hapo huvaa miili ya watu kama kanzu. Akiingia mwili mpya, mwenye mwili huo hufa; na Doro akiuawa, anahamia kwa aliye karibu. Wa pili ni Anyanwu, mwanamke wa Kiigbo wa takriban miaka 300, mganga anayeujua mwili wake hadi ndani kabisa. Hujiponya majeraha, hujirudisha ujanani, hujigeuza mwanamume, chui, ndege au pomboo. Butler alimchota kutoka katika masimulizi ya Onitsha, kando ya Mto Niger, yanayomtaja Atagbusi, mganga aliyeweza kujigeuza mnyama.

Kwa mabavu, Doro hana mpinzani. Anaweza kumuua Anyanwu wakati wowote na kuuvaa mwili wake. Lakini anautaka uzao wake. Kwa karne nyingi amekuwa akikusanya watu wenye vipaji visivyo vya kawaida na kuwaozesha apendavyo, ili wazaliwe wenye vipaji vikubwa zaidi. Mwaka 1690, baada ya wafanyabiashara ya utumwa kuteketeza kijiji chake kimoja, anakutana na Anyanwu na kumchukua bila kutumia mabavu. Anamwahidi watoto ambao hatalazimika kuwazika. Ahadi isipotosha, anawataja watoto na wajukuu ambao Anyanwu anao tayari.

Hapo ndipo Butler anapoiweka nguvu: haimo katika miili ya hao wasiokufa, imo kwa wanaokufa walio karibu nao. Hofu kuu ya Anyanwu si kwa nafsi yake: kila ampendaye ni rehani mikononi mwa Doro. Kwa hiyo anavuka bahari hadi kijiji cha Wheatley, New York, na kuolewa na Isaac, mwana wa Doro, kwa amri. Doro hahitaji minyororo kumfunga, lakini anamiliki watu, anawapangia ndoa na kuamua nani azae na nani, kama mabwana wa mashamba ya zama zile.

Isaac anapofariki, katika sehemu ya pili inayoanza mwaka 1741, Anyanwu anatumia mwanya alioujua zamani: yeye akiwa katika umbo la mnyama, Doro hawezi kuhisi alipo. Anatoroka. Mwaka 1840 Doro anamkuta Louisiana, katika shamba ambako Anyanwu amewakusanya watu wenye vipaji bila kumlazimisha yeyote. Doro anaingilia hapo pia, anampelekea watu wake, na vifo vinafuata.

Basi Anyanwu anatoa turufu yake ya mwisho: anaamua kufa. Doro hawezi kufanya hivyo, kwa kuwa kila kifo humtupa tu katika mwili mwingine. Anyanwu anaweza kuusimamisha mwili wake kiungo kwa kiungo. Mtu aliyetawala kwa kuua anakabiliwa na kifo asichokiamuru, tena cha mwenzi pekee ambaye angeweza kuishi naye karne zote zijazo. Analia na kumsihi.

Mapatano yanayofuata ni finyu. Doro hataua tena watu wa karibu wa Anyanwu, wala kuwamaliza wale aliokwisha kuwatumia kwa uzazi. Kuua kwenyewe hakuachi, maana ndicho chakula chake. Wasomaji wa Butler wa mwaka 1980 walijua pia kwamba mapatano hayo yangekuwa na mwisho: katika Mind of My Mind, iliyotangulia kuchapishwa mwaka 1977, Doro anauawa California katika karne ya 20 na binti yake Mary, matunda ya mpango wake mwenyewe wa uzazi. Anyanwu, ambaye sasa anaitwa Emma, anamfuata muda mfupi baadaye.