Waya mmoja, mitandao mitatu: namna ya kuseti poti ya tranki



Ndugu msomaji, mwaka huu baadhi ya wanafunzi walituuliza swali ambalo tuliona halifai kujibiwa kwa maneno mawili barazani. Wameona waya mmoja tu unatoka ofisini kwenda chumba cha kompyuta, na huku wameambiwa kuwa kompyuta za ofisi na za wanafunzi zipo katika mitandao tofauti. Vipi mitandao tofauti ipite katika waya mmoja bila ya kuchanganyika? Mmoja wao akajijibu mwenyewe kuwa ni kama mfereji mkuu wa shamba la mpunga. Jibu hilo limekaribia, lakini pale lilipokosea ndipo penye somo lenyewe.

Mfereji ule sote wa Dakawa tunaujua. Maji husukumwa kwa pampu kutoka mto Wami, huingia mfereji mkuu, kisha hugawanywa katika mifereji midogo hadi kwenye majaruba ya wakulima wa ushirika wa CHAURU, katika shamba la hekta 2,000. Sasa, maji hayana jina. Yakishaingia mfereji mkuu hakuna awezaye kusema haya ni ya fulani. Lau data ingepita namna hiyo, kila mwenye kuchomeka waya katika chumba cha kompyuta angeweza kufikia kompyuta za ofisi, na sisi tusingekuwa na la kumzuia.

Mfano ulio sahihi zaidi upo barabarani. Basi la Dodoma likitoka stendi ya Msamvu hubeba mizigo ya Dakawa, Dumila na Gairo katika buti moja. Gunia la Dakawa halishushwi Gairo kwa sababu utingo ameliandika kwa kalamu ya wino mzito mahali linapokwenda, na anayelipokea anajua kusoma. Waya wetu ndio basi hilo, na yale maandishi juu ya gunia ndiyo lebo.

Tuanze na swichi, na hapa hatusemi ile ya kuwashia taa. Ni kile kisanduku chenye matundu mengi ya kuchomekea waya, ambayo mafundi huyaita poti. Swichi ya bei nafuu huziona kompyuta zote zilizochomekwa kuwa ni jamaa wa nyumba moja. Swichi inayoweza kusetiwa huruhusu kuzigawa poti zake katika makundi, kila kundi likawa mtandao wake ingawa kisanduku ni kimoja. Kundi hilo huandikwa VLAN, nasi humu tutaliita vilani. Kompyuta ya vilani moja ikipaza sauti kuuliza printa iko wapi, wa vilani nyingine hawaisikii kabisa.

Katika majengo yetu tumeweka vilani 3: namba 10 ya ofisi, namba 20 ya chumba cha kompyuta, na namba 30 ya wageni na simu. Ofisini kuna swichi moja, na katika chumba cha kompyuta kuna nyingine. Bila ya lebo tungelazimika kuchimba mtaro wa waya 3 kati ya majengo hayo mawili. Kwa lebo, waya mmoja unatosha, mradi usizidi mita 100, kwani huo ndio mpaka wa waya wa kawaida wa shaba.

Poti inayopokea waya wa namna hii ndiyo poti ya tranki. Wanafunzi wa bweni wasije wakafikiria matranka yao ya bati. Jina hili lilitoka kwa watu wa simu, waliokuwa na njia kuu zinazobeba mazungumzo mengi kati ya mji na mji. Kanuni ya lebo ilitolewa mwaka 1998 na wahandisi wa IEEE kwa jina la 802.1Q. Kila kifurushi cha data kinapoingia tranki huongezewa baiti 4 katikati ya maandishi yake ya mwanzo, na ndani yake imo namba ya vilani. Namba hiyo imepewa biti 12, kwa hiyo zipo namba 4,096; ya kwanza na ya mwisho zimehifadhiwa, zinabaki 4,094 za kutumiwa. Sisi tumetumia 4 tu, na hiyo ya nne utaiona mbele. Kifurushi kikifika upande wa pili, swichi husoma lebo, huibandua, kisha hukitoa katika poti za vilani husika. Kompyuta ya mtumiaji haijui lolote katika hayo.

Kazi yenyewe huenda hivi. Kwanza unaziunda zile namba katika kila swichi, maana swichi isiyoijua namba 20 haitapitisha mzigo wa 20 hata ukiwa na lebo nzuri namna gani. Halafu unazipangia poti za watumiaji: ofisini poti ya 1 hadi ya 8 ni vilani 10, na zile za chumba cha kompyuta ni vilani 20. Hizi ziandike wazi kuwa ni poti za kawaida. Usiziache zijiamulie, kwani baadhi ya swichi za Cisco zilitoka kiwandani zikiwa tayari kugeuka tranki pindi kifaa cha upande wa pili kikiomba, na mwenye kompyuta ya mkononi na ujuzi kidogo anaweza kuomba. Kisha poti ya mwisho katika kila swichi unaifanya tranki, na unaorodhesha vilani zinazoruhusiwa kupita: 10, 20 na 30, basi. Swichi nyingi zikiachwa bila orodha hupitisha kila namba iliyoundwa, hata utakazoziunda mwakani ukiwa umesahau.

Hapa tuwatahadharishe wanaojifunza kwa vitabu. Neno tranki halina maana moja kwa watengenezaji wote. Kwa Cisco ni hii tuliyoieleza. Katika swichi za HP ProCurve neno hilo hilo maana yake ni kuunganisha waya kadhaa ziwe kama waya mmoja mnene, na tranki ya kwetu hupatikana kwa kuandika tu kuwa poti fulani ni ya lebo kwa vilani fulani. Mwenye kuchanganya swichi za aina mbili na asilijue hili atakesha.

Lipo jambo jingine ambalo tunalitilia mkazo kuliko yote, nalo ni vilani asilia. Tranki huruhusu namba moja ipite bila lebo, na kifurushi chochote kitakachofika hakina lebo huhesabiwa kuwa ni cha namba hiyo. Kiwandani huwekwa namba 1. Pande mbili za waya zikiwa na namba asilia tofauti, mitandao miwili inaungana kimya kimya.

Sisi wenyewe yalitufika. Upande wa ofisi asilia ilikuwa 10, upande wa chumba cha kompyuta ikawa 20. Vifurushi vya ofisi vikatoka bila lebo, na kule vikapokelewa kama vya wanafunzi. Hakuna taa iliyowaka nyekundu, na intaneti ilifunguka vizuri tu pande zote. Swichi za aina moja huweza kuonyana kuhusu kosa hili, lakini zetu ni za aina mbili. Siku ya tatu mwanafunzi mmoja akaja ofisini kutueleza kuwa katika kompyuta yake linaonekana folda ambalo hadhani ni lake. Ndani ya folda hilo mlikuwa na orodha ya watoto wanaosaidiwa ada, pamoja na majina ya walezi wao. Folda halikuwa na nywila, na hilo lilikuwa kosa letu la pili. Mama aliyekuja kutuomba msaada faragha hakuja ili jina lake lisomwe na watoto 20 wa darasa la kompyuta. Tulimshukuru kijana yule, na tangu siku ile vilani asilia katika pande zote mbili ni 999, namba ambayo haina hata kompyuta moja.

Ijulikane pia kuwa vilani hutenganisha tu, haihukumu nani apite kwenda wapi. Hiyo ni kazi ya fayawoli. Yetu imechomekwa kwa waya mmoja katika swichi ya ofisi, na poti hiyo nayo ni tranki. Ndani ya fayawoli, poti ile moja tumeigawa kuwa milango 3 ya kufikirika, kila mmoja na namba ya lebo yake na anwani yake: 192.168.10.1, 192.168.20.1 na 192.168.30.1. Kompyuta ya 20 ikitaka kitu cha 10, ombi hupanda hadi fayawoli na kusomwa. Tumeandika kuwa 20 na 30 haziingii 10, ofisi inaruhusiwa kutuma karatasi kwenye printa ya 20, na wote wanatoka intaneti. Mwenye kuweka fayawoli akaacha sheria ya kuruhusu wote kwa wote, amejenga kuta na kuacha milango wazi.

Ukimaliza, usitosheke kwamba intaneti inafunguka. Chomeka kompyuta katika poti ya wanafunzi, uhakikishe imepewa anwani inayoanza na 192.168.20, kisha jaribu kuifikia printa ya ofisi. Jaribio hilo lishindwe. Likifaulu, rudi ukaangalie namba za pande mbili.

La mwisho ni la umeme. Swichi nyingi hufanya kazi kwa amri ulizoziandika lakini hazizihifadhi mpaka uziamrishe kuhifadhi. Umeme ukikatika usiku, asubuhi utaikuta swichi imerudi kama ilivyokuwa kabla hujaigusa. Hifadhi kabla ya kuondoka, na nakili namba zote katika karatasi. Ya kwetu imebandikwa ndani ya mlango wa kabati la swichi, na ufunguo wa kabati upo kwa mwalimu wa zamu.