Programu Ikigoma kwa Mteja

Ukimwambia mteja "mbona kwangu inafanya kazi", hujamsaidia. Amelipa ili ifanye kazi kwake. Mimi natengeneza programu za stoo na mauzo. Naziandikia kwenye Windows, lakini seva za wateja wangu wengi ni za Linux, na matatizo mengi huzaliwa katika safari hiyo fupi.

Anza na majina ya faili. Kwa kawaida, Windows huona Nembo.png na nembo.png kuwa faili moja. Linux huziona mbili. Ukihifadhi kwa herufi kubwa kisha ukaita kwa herufi ndogo, picha utaiona kwako, ila kwenye seva haitapatikana. Kwa hiyo majina yote yaandikwe kwa herufi ndogo, bila nafasi.

Tatizo la pili halionekani kwa macho. Windows humaliza mstari kwa alama mbili, CR na LF, urithi wa mashine za kuchapa za zamani: ya kwanza ilirudisha kichapio mwanzo wa mstari, ya pili ikasogeza karatasi. Linux hutumia LF peke yake. Skripti ya Bash iliyohifadhiwa kwa mtindo wa Windows ikifika Linux, CR ile hung'ang'ania mwisho wa jina la bash kwenye mstari wa kwanza. Mfumo unakujibu kwamba bash haipo, ilhali ipo. Ukitumia Git, weka faili ya .gitattributes yenye mstari huu: *.sh text eol=lf

Kisha kuna kazi za wengine tunazozitegemea. Machi 2016, mwandishi mmoja aliondoa kifurushi chake, left-pad, kwenye npm, hifadhi ya vifurushi vya JavaScript. Kilikuwa na mistari 11 tu, lakini miradi mingi ilikwama mpaka kiliporudishwa. Taja toleo kamili la kila kifurushi unachotumia, na utunze nakala zake.

Mwisho, kabla ya kukabidhi, andaa kompyuta pepe ambayo haijawekwa kitu. Mkabidhi mtu asiyeijua programu yako, afuate maelezo yako hatua kwa hatua, nawe usimsaidie. Akikwama, usiguse kompyuta yake. Rudi ukarekebishe programu yako au maelezo, kisha aanze upya. Akifika mwisho bila kukuuliza neno, hapo ndipo udai malipo yako.