Boriti ya Tabaka: Istilahi Moja ya Ujenzi

Mfasiri wa hati za ujenzi hukutana na kitu ambacho hakina jina lililozoeleka katika Kiswahili, nacho ni boriti iliyofanywa kwa mbao nyembamba za mti mgumu, zikapangwa moja juu ya nyingine na kushikamanishwa kwa gundi na mkandamizo. Tunapendekeza iitwe boriti ya tabaka, na hapa tunaeleza sababu zetu.

Neno boriti si geni. Katika nyumba kongwe za mawe za Bagamoyo, miti ya mikoko imelazwa kutoka ukuta hadi ukuta ili kubeba dari ya mawe na chokaa. Hizo ndizo boriti. Mti unaoinama pamoja na paa la makuti huitwa kombamoyo. Ni dhahiri, basi, kwamba jina hufuata kazi. Ndiyo maana twasema pia boriti ya chuma na hakuna anayeshangaa.

Urefu wa mkoko una mpaka wake, na vyumba vya nyumba hizo vikawa vyembamba kwa kadiri hiyo, upana wake mara nyingi usizidi mita 3. Boriti ya tabaka huuondoa mpaka huo, kwani mbao fupi huungwa ncha kwa ncha kabla ya kupangwa. Huko Ujerumani, Otto Hetzer alipata hataza ya boriti za namna hiyo zilizopindwa mwaka 1906.

Yafaa hapa kutahadharisha. Plaiwudi nayo ina tabaka, lakini nyuzi za tabaka moja hukingamana na za tabaka ifuatayo. Katika boriti ya tabaka nyuzi zote hufuata urefu wa boriti, na humo ndimo nguvu zake zilimo. Mfasiri akiandika "mbao za gundi" tu, amemwachia fundi kubahatisha, na kosa la kalamu laweza kuangusha dari.

Kadhalika, maelezo ya gundi yasifupishwe. Msaji una mafuta yanayozuia gundi kushika, hivyo mbao zake hupigwa randa muda mfupi kabla ya kupakwa. Na katika unyevu wa pwani, hati haina budi kutamka wazi: gundi isiyoharibiwa na maji.

Tunawaomba walimu na mafundi waipime istilahi hii kazini, kisha watuletee maoni yao.