SALAMU ZA MSAFIRI WA NYOTANI

Simu ya upepo husafiri kwa mwendo wa nuru, yaani karibu maili 186,000 kwa sekunde moja. Hata hivyo, mahali palipo mbali mno nuru nayo huchelewa. Wamarekani walipotua mwezini mwaka 1969, kila neno lao lilichukua zaidi kidogo ya sekunde moja kufika duniani.

Je, msafiri aendaye kwa mwendo unaokaribia ule wa nuru atapashanaje habari na watu wa kwao? Mwaka 1911 mtaalamu wa Kifaransa, Bwana Paul Langevin, alilijibu swali hili kwa kuzifuata hesabu za Bwana Albert Einstein za mwaka 1905. Alisema kwamba wakati wa kwenda kila upande utauona mwingine ukiishi polepole, na wakati wa kurudi utauona ukiishi kwa haraka.

MFANO WA PACHA WAWILI

Pacha wawili wa miaka 30 waagana. Mmoja asafiri kwa mwendo wa sehemu nne katika tano za mwendo wa nuru, hata afike kwenye nyota ambayo nuru yake huchukua miaka 4 kufika duniani, kisha ageuka mara moja. Wamepatana kwamba kila mmoja atatuma salamu moja kila mwezi kwa kalenda yake mwenyewe.

Wakati wa kwenda, salamu za nyumbani hazina budi kumfukuza msafiri, naye apokea moja tu kila miezi mitatu. Wakati wa kurudi azilaki njiani, apokea tatu kila mwezi. Kwa saa yake, kwenda ni miaka 3 na kurudi miaka 3. Basi apata salamu 12 akienda na 108 akirudi, jumla 120, ambazo ni za miaka 10.

Nyumbani, salamu moja yafika kila miezi mitatu kwa muda wa miaka 9, kwa maana habari ya kugeuka kwake haifiki kabla ya hapo. Katika mwaka wa kumi salamu 36 zafurika, na mara msafiri mwenyewe yupo mlangoni. Jumla ni salamu 72, za miaka 6. Hakuna iliyopotea. Aliyebaki ana miaka 40, na mwenziwe ana miaka 36.

HABARI ZA MSIBA

Baba yao akifariki mwishoni mwa mwaka wa kwanza, mwanawe atapata habari afikapo nyotani. Rambirambi zake zitafika nyumbani miaka 8 baada ya maziko.

Chombo cha mwendo huo hakijaundwa bado, lakini hesabu zenyewe zimepimwa. Mwaka 1971 Wamarekani wawili, Hafele na Keating, walizungusha saa za atomiki duniani kwa eropleni, nazo zikatofautiana na zile zilizobaki kwa sehemu ndogo mno ya sekunde, kama ilivyotazamiwa. Kwa hiyo atakayekwenda nyotani na aagane na wazee wake vyema, wala asiweke neno la maana akitumaini kulituma baadaye.