Mteja akisema "kadi inasoma nusu", usimjibu haraka

Leo naongea na wanaouza kompyuta za mezani mtandaoni, hasa zile zenye kadi mbili za grafiki. Nusura nirudishe milioni mbili na laki mbili kwa sababu ya namba tatu ambazo sikuzisoma vizuri.

Mteja wangu yuko Mwanza, anahariri video za harusi. Nikamfungia mashine ya kadi mbili, nikaituma kwa basi kutoka Dar. Siku ilipofika akanitumia picha ya skrini ya programu ya GPU-Z: "Kaka umeniuzia mbovu. Kadi moja inasoma x8, nyingine x4, na zote zinasema 1.1 wakati uliniambia 3.0. Nataka hela yangu."

Mimi nikajibu kwa kujiamini: "Hiyo ni kawaida kwa mashine ya kadi mbili kaka." Hapo ndipo nilipoharibu. Namba mbili zilikuwa kawaida kweli. Ya tatu ilikuwa tatizo, na lilitoka kwangu.

Kwanza elewa namba zenyewe. Kadi inaongea na prosesa kupitia njia zilizo kwenye sloti. x16 ni njia 16, x8 ni njia 8, x4 ni njia 4. Namba inayofuata, yaani 1.1, 2.0, 3.0 au 4.0, inaonyesha kasi ya kila njia. Kwa 3.0, x16 inapitisha kama GB 16 kwa sekunde, x8 kama GB 8, x4 kama GB 4. Ikiwa 4.0, zidisha mara mbili. Kwenye GPU-Z tafuta mstari wa Bus Interface. Kilichoandikwa kabla ya alama ya @ ni uwezo wa kadi, kilicho baada yake ni kinachotumika muda huo.

Sasa zile namba tatu:

1. 1.1 kwenye kadi zote. Kadi ikiwa haina kazi hushusha kasi ili kuokoa umeme. Bonyeza kile kialama cha kuuliza pembeni ya mstari, kuna jaribio la kuipa kadi kazi. Kadi ya pili ichague kwenye orodha iliyo chini ya dirisha, halafu mteja aipe kazi kwa programu yake mwenyewe huku anaangalia namba. Yeye alipofanya hivyo zote zikapanda 3.0. Hilo likaisha.

2. x8 kwenye kadi ya kwanza. Prosesa nyingi za kawaida zina njia 16 tu kwa ajili ya kadi za grafiki. Ukiweka kadi mbili, mazabodi inayogawa inatoa 8 huku na 8 kule. Ila siyo zote zinagawa. Nyingine zinaiachia ya kwanza 16, ya pili inapewa 4 tu, hata kama sloti yake ni ndefu kama ya kwanza. Urefu wa sloti usikudanganye, soma kitabu cha mazabodi. Humo utaona pia kama SSD ya M.2 inakula njia za sloti fulani. Na zipo kadi zilizotengenezwa na njia 8 tu, mfano RTX 4060 na RX 6600. Hizo hata zikae peke yake hazitasoma x16.

3. x4 kwenye kadi ya pili. Kitabu cha mazabodi yangu kinasema 8 na 8. Kwa hiyo x4 haikuwa kawaida hata kidogo. Nikamwomba afungue ubavu wa mashine tukiwa kwenye video. Kadi imeinama! Nilikuwa nimefunga skrubu moja badala ya mbili, na basi limeitingisha usiku kucha. Baadhi ya njia zikikosa mguso, kadi haizimi, inashuka tu idadi ya njia na kuendelea kufanya kazi kimya kimya.

Tulichofanya: kuzima, kuchomoa waya wa umeme, kugusa chuma cha kasha, kuchomoa kadi, kufuta meno yake kwa kitambaa laini chenye isopropili, kuacha ikauke, kuirudisha mpaka kishikizo cha sloti kikabana, kisha skrubu zote mbili. Ikasoma x8.

Isingepona, hatua iliyofuata ni kubadilishana kadi kwenye sloti. Tatizo likihama na kadi, kadi ndiyo mbovu. Likibaki kwenye sloti ileile, kagua mazabodi, pini za prosesa na mpangilio wa BIOS. Kama kuna kebo ya kurefusha sloti, itoe kwanza kabla ya yote.

Mteja akaridhika, hela haikurudi. Lakini alikuwa ameshaandika kwenye grupu la WhatsApp kwamba mimi tapeli. Alifuta, ila waliosoma wameshasoma. Ningeangalia kabla ya kujibu, tusingefika huko.

Siku hizi nafanya hivi:

- Kabla ya kufunga mzigo, napiga picha ya skrini ya kila kadi ikiwa kazini, namtumia mteja.
- Kwenye tangazo naandika wazi: "kadi mbili, x8 kila moja." Namwambia pia kwamba kwa kazi nyingi tofauti ya x16 na x8 ni ndogo.
- Siandiki kwamba kadi mbili za GB 8 ni GB 16. Kwenye programu kama Blender kila kadi inabeba nakala yake ya kazi, kumbukumbu hazijumlishwi.
- Mzigo wa mkoani, kadi nazichomoa na kuzifunga peke yake, natuma na video fupi ya kuzirudishia.

Neno "ni kawaida" nalitumia nikishaona namba na kitabu, siyo kabla. Mtumie mwenzako anayeuza mashine.