Mstari wa Kijani Kwenye Kopo: Risasi za Mwanga na Akiba Isiyotakiwa (Sehemu ya Tatu)

Moto uliozuka katika ghala la silaha mtaani Goudji, N'Djamena, usiku wa 18 Juni 2024, uliua watu wasiopungua tisa. Mkazi wa Dar es Salaam haelezwi maana ya habari hiyo, kwa kuwa anaikumbuka milipuko ya Mbagala ya 29 Aprili 2009 na ya Gongo la Mboto ya 16 Februari 2011, ambako kila mara walikufa watu zaidi ya 20. Baada ya misiba ya namna hii watu huuliza ghala lilikuwa umbali gani na nyumba, na fidia italipwa lini. Ni maswali ya haki. Hata hivyo, katika sehemu mbili zilizotangulia tulikwisha kulifungua ganda, tukaona fataki, baruti na kichwa cha risasi, na msomaji aliyefuatana nami hadi hapa yuko tayari kwa jambo linaloonekana dogo zaidi, nalo ni maandishi ya kwenye kopo. Nasema kwamba risasi ya akiba iliyotengwa na kopo lake la awali haina tena kitambulisho, na risasi isiyo na kitambulisho haifai kuwekwa, kuuzwa wala kufanyiwa mazoezi. Risasi ya mwanga inalithibitisha hilo kuliko risasi nyingine yoyote.

Kichwa cha risasi hii kina tundu kwa nyuma, lililoshindiliwa mchanganyiko wa magnesiamu na chumvi ya strontiamu au bariamu. Baruti ikilipuka, moto wake huuwasha mchanganyiko huo, na risasi huruka ikiacha mstari wa mwanga, mwekundu ukiwa ni wa strontiamu, wa kijani ukiwa ni wa bariamu. Waingereza ndio waliotangulia kuiingiza vitani, mwaka 1915, katika risasi yao ya 303. Ya kwanza ilikuwa hafifu, mwanga wake ukizimika mapema. Mwaka 1916 ikaja iliyo bora, yenye alama ya SPK, herufi zilizotokana na Sparklet, jina la vichupa vya gesi vya kutengenezea soda vilivyouzwa na kampuni ya Aerators Limited ya Edmonton, London. Kiwanda cha kufurahisha meza za chakula kikageuka kiwanda cha vita. Haja yenyewe ilitoka angani. Tangu Januari 1915 ndege-puto za Wajerumani zilikuwa zikiishambulia Uingereza usiku, na risasi ya kawaida iliyatoboa tu maputo ya haidrojeni bila kuyawasha, kwani haidrojeni isiyochanganyika na hewa haishiki moto. Usiku wa kuamkia 3 Septemba 1916 rubani William Leefe Robinson alimaliza vibweta vitatu vya risasi za kulipua na kuwasha, za Brock na Pomeroy, juu ya ndege-puto SL 11. Kile cha tatu alikielekeza mahali pamoja tu, upande wa mkia. Chombo kikaanguka Cuffley kikiwaka, na watu wote 16 waliokuwamo wakafa. Frank Brock, aliyeibuni mojawapo ya risasi hizo, alitoka katika ukoo wa watengeneza fashifashi.

Ndege-puto mojawapo inatuhusu sisi moja kwa moja, nayo ni L 59. Iliondoka Jamboli, Bulgaria, tarehe 21 Novemba 1917, na shehena ya tani zipatazo 15, zikiwamo risasi zaidi ya 300,000, kumpelekea Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck aliyekuwa amebanwa kusini mwa Tanzania ya leo. Ilifika Sudan, ikaamriwa kurudi, na ilipotua Jamboli tarehe 25 Novemba ilikuwa imekwenda kilometa 6,757 kwa muda wa saa 95. Siku hiyohiyo Lettow-Vorbeck alikuwa akiuvuka Mto Ruvuma kuingia Msumbiji. Ninalolithamini katika mkasa huo ni mpango wa mwisho wa safari. Huku hakukuwa na haidrojeni ya kukijaza chombo upya, kwa hiyo hakikukusudiwa kurudi: kitambaa cha gamba lake kingeshonwa mahema, bitana yake ingekuwa bandeji, na mifupa yake ya metali nyepesi ingetengenezewa machela. Ilikuwa vita ya dhuluma, na wapagazi wetu waliibeba mabegani wakafa kwa maelfu, lakini wale waliopanga safari ya L 59 walikwisha kujiuliza kila kitu kitaishia wapi kabla hakijapakiwa. Maghala yetu ya leo hupokea shehena bila swali hilo.

Sasa tulitazame kasha lenyewe. Kasha la mbao la Kisovieti la risasi za milimita 7.62 za bunduki ndefu na za rashasha lina makopo mawili ya bati yaliyofungwa yasipitishe hewa, kila moja na risasi 440, zikiwa zimefungwa ishirini ishirini katika karatasi. Kopo halina mfuniko. Hufunguliwa kwa kisu maalumu kama kopo la maziwa, na kasha lenye kisu ndani huchorwa picha yake kwa nje. Ubavuni mwa kopo huandikwa aina ya risasi, mwaka, kiwanda na namba ya mkupuo, yaani kundi lililotengenezwa pamoja, na kama ni risasi za mwanga hupigwa mstari wa kijani. Anayejua kusoma kopo hilo anajua umri wa mchanganyiko ulio ndani, na akisikia risasi za mkupuo fulani zimeharibika mahali pengine, anajua atoe makopo gani.

Wapo watakaosema kopo si lazima, kwa kuwa rangi ya ncha ya risasi inatosha kuitambulisha. Haitoshi. Ncha ya kijani kwenye risasi ya Kisovieti ya AK ni alama ya mwanga, ilhali ncha ya kijani kwenye risasi ya Kimarekani ya M855, ya milimita 5.56, haina mwanga wowote. Ni risasi ya kawaida yenye chuma kigumu ndani. Risasi ya mwanga ya Kimarekani ya milimita 5.56 hujulikana kwa ncha nyekundu au ya machungwa, kufuatana na toleo. Waingereza nao walipaka rangi kuzunguka fataki, nyekundu kwa mwanga na kijani kwa risasi ya kutoboa chuma. Hata Wamarekani wenyewe, kabla ya kupaka ncha rangi, waliitambulisha risasi ya mwanga kwa ganda lililotiwa weusi. Mimina mifuko mitatu ya risasi zilizokusanywa mipakani juu ya meza moja, na rangi itakudanganya.

Pingamizi zito zaidi ni la uchumi: kwa nini kuteketeza mali ya umma inayoweza kutumika mazoezini au kuuzwa? Katika kopo lililofungwa risasi hudumu miaka mingi, nakubali. Kopo likishafunguliwa katika unyevu wa pwani, magnesiamu huanza kuharibika, na risasi moja ikawaka vema, nyingine ikachelewa, ya tatu isiwake kabisa. Mpiga rashasha hulenga kwa kuufuata mwanga, kwa kawaida ya Kimarekani risasi moja ya mwanga kwa kila nne za kawaida, na hata ikiwa nzima risasi hiyo hupungua uzito njiani kadiri inavyoungua, hivyo njia yake hutofautiana kidogo na ya wenzake. Ikiwa mbovu, inamfundisha askari kukosa. Na bado ina moto. Tarehe 22 Julai 2009 Jeshi la Kigeni la Ufaransa lilipiga risasi za mwanga mazoezini huko Carpiagne, karibu na Marseille, katika majira ya kiangazi, na zaidi ya hekta 1,000 zikaungua. Kuhusu kuuza, jimbo la California, Marekani, linaihesabu risasi ya mwanga kuwa kifaa cha uharibifu, ila ile ya bunduki ya marisau. Nchi yenye biashara huria sana ya risasi ina jimbo lililoufunga mlango huo, nasi tunaambiwa tuufungue kwa ajili ya vijisenti. Hata thamani ya chakavu ni ndogo, kwani maganda mengi ya Kisovieti ni ya chuma na si ya shaba.

Desemba 2023 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha mwongozo wa kusimamia risasi na mabomu katika maisha yake yote, tangu kiwandani hadi kuteketezwa. Waheshimiwa wabunge wanaojadili bajeti za ulinzi katika ukanda wetu hawahitaji kuomba siri za kijeshi ili kuutumia. Waulize maswali mawili tu: ni makopo mangapi yamekwisha kufunguliwa na bado yamo ghalani, na ni risasi ngapi zimewekwa bila namba ya mkupuo. Hizo za pili ziingie kwenye tanuri kabla ya masika yajayo.